Uzi: Mbwa anahukumiwaje kwenye maonyesho? Niliyoyaona ulingoni Uingereza

#1 Mzaramo Ughaibuni

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kwenye jukwaa la mifugo kuna mtu aliweka picha ya mbwa kachanwa nywele na kupakwa poda kama bibi harusi, watu wakacheka kurasa tatu nzima. Sikutaka kuharibu kicheko cha watu, nikasema nianzishe uzi wangu.

Naishi Midlands, Uingereza, mwaka wa kumi na moja huu. Mambo haya niliyaingia kwa mlango wa uani. Nilikuwa na kibarua cha usafi, na Machi moja tukapangiwa kumbi za NEC pale Birmingham, siku nne mfululizo, Alhamisi hadi Jumapili. Kumbe ndiyo Crufts yenyewe, maonyesho makubwa ya mbwa ya Uingereza. Mbwa 18,000 na ushei wanapita mle kwa siku hizo nne. Nikashika ufagio wangu nikijua leo nimepatikana. Nilichokuta sikukitegemea: mavi hamna. Nywele zipo, za kila rangi, na chini vipande vya maini makavu vimetapakaa kila kona (nitawaambia ya nini).

Mwaka uliofuata jirani yangu, mama wa makamo anayefuga mbwa wawili wadogo aina ya basenji, akaniomba nimsaidie kubeba makreti kwenda kwenye maonyesho madogo ya mkoani. Nikaenda mara moja, mara mbili, mwisho nikapewa kazi ya ukarani wa ulingo. Kwa hiyo ninachoandika hapa nimekiona nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka kwa jaji.

La kwanza: huu si umiss. Mfananisho ulio karibu ni banda la mifugo Nane Nane. Jaji pale akimkagua dume la ng'ombe hamuulizi ni mzuri kiasi gani, anajiuliza huyu akipanda atatoa ndama wa namna gani. Maonyesho ya mbwa yalianza hivyo na kwa maandishi bado yako hivyo. Ndiyo maana Marekani, kwenye maonyesho ya AKC (klabu yao kuu ya mbwa wenye hati ya uzao), mbwa aliyehasiwa haruhusiwi kushindania ubingwa wa umbo. Ndiyo maana pia jaji anapapasa dume kuhakikisha korodani zote mbili zimeshuka. Msicheke, yuko kazini.

La pili, na hili lilinichukua mwaka mzima kulielewa: jaji halinganishi mbwa na mbwa. Kila aina ina waraka wake wa sifa unaomweleza mbwa kamili wa aina ile, kuanzia pua hadi ncha ya mkia. Jaji ameubeba kichwani. Anamtazama mbwa aliye mbele yake, anamtazama yule wa kwenye karatasi, anatafuta nani amemkaribia zaidi. Yule wa kwenye karatasi hajawahi kuzaliwa.

Ulizeni, nitajibu nikitoka kazini.

#2 kidampa

Mkuu, nimewahi siti ya mbele. Mimi hapa Mbagala nina Simba wangu, mbwa koko daraja la kwanza, rangi ya kahawia na soksi nyeupe miguuni, mkia umejikunja kama konokono. Hana chake huko?

#3 Fundi Saa

Mimi kinachonitatiza ni kile cha mwisho kabisa kwenye televisheni. Chihuahua wa kilo mbili kasimama na Great Dane wa kimo cha meza, jaji anasema Chihuahua ndiye bora. Bora kwa lipi? Ni sawa na kuuliza chapati na pilau kipi kimeiva zaidi.

#4 Mzaramo Ughaibuni

Fundi Saa, umejijibu mwenyewe bila kujua. Chapati unaijua ikiiva, pilau unalijua likiiva. Ukiwekewa chapati iliyoiva barabara na pilau lenye kiini kidogo, utasema chapati imeiva zaidi, na wala hutasema chapati ni chakula bora kuliko pilau. Jaji wa fainali anafanya hivyo hivyo: Chihuahua amekaribia waraka wake kiasi gani, Great Dane amekaribia wake kiasi gani. Hakuna alama wala vibao. Ni jicho na kumbukumbu, na mtu anayekwambia halina ubinafsi ndani yake anakudanganya.

Njia ya kufika huko ni ndefu. Madume wanashindana peke yao, majike peke yao, kwa madaraja: watoto wa miezi 6 hadi 12, vijana, daraja la wazi, wazee na kadhalika. Washindi wa madaraja wanarudi ulingoni kutafuta dume bora na jike bora, kisha hao wawili wanakutana, mmoja anakuwa bora wa aina yake. Hapa Uingereza aina ni zaidi ya 200, zimegawanywa makundi saba: wawindaji kwa pua na macho, mbwa wa kuwinda na bunduki, terrier wa kusaka panya na mbweha, mbwa wa kazi, wachungaji, mbwa wa mapajani, na kapu la waliobaki. Washindi saba wa makundi ndio unaowaona Jumapili usiku, zulia la kijani, taa zote juu yao.

Kombe hili la bora wa wote Crufts halikuwepo tangu mwanzo. Charles Cruft alianza maonyesho yake mwaka 1891 pale Islington, London. Kabla ya hapo alikuwa akiuza biskuti za mbwa za kampuni ya Spratt, kwa hiyo wateja wake alishawajua. Bora wa wote alianza kuchaguliwa 1928, akashinda mbwa wa mbio, greyhound. Mpaka leo fedha taslimu ya kombe lile haifiki nauli ya ndege kuja Dar. Faida iko kwenye jina na watoto watakaozaliwa.

kidampa, Simba hana hati ya uzao kwa hiyo mlango wa Crufts umefungwa. Ila Kennel Club, chama cha mbwa cha Uingereza, wenye Crufts hao hao, wana shindano la machotara na mbwa koko, linaitwa Scruffts. Huko wanaangalia tabia, afya na mapenzi kati ya mbwa na mwenyewe.

#5 kidampa

Mapenzi yapo. Jana kala kandambili yangu.

#6 Bint Mvita

Mimi ni mtu wa pwani, mbwa sisi tuko naye mbali kidogo, lakini nasoma kwa hamu. Hebu nieleze, nimeona video, huyo jaji amtia mbwa vidole kinywani, kisha aenda kwa mwengine, na mwengine? Akirudi kwake aosha mara ngapi? Maana kwetu ni mara saba na moja kwa mchanga.

#7 Mzaramo Ughaibuni

Bint Mvita, umenifanya nicheke ndani ya basi. Karani, yaani mimi, ndiye ninayeshika chupa ya dawa ya mikono. Mbwa mmoja, dawa. Mbwa mwingine, dawa. Nyumbani kwangu mama alinipigia simu kuuliza swali hilo hilo, nikamwambia kanzu ya Ijumaa iko kabati lake peke yake.

Sasa ngoja niwapeleke ulingoni hatua kwa hatua, kwa kutumia dume wa jirani yangu.

Naita namba, siiti jina. Jaji hatajiwi jina la mbwa wala la mwenyewe, anaona namba tu kwenye nguo ya mshikaji, yaani anayemwongoza mbwa kwa kamba. Wanaingia wote, wanajipanga, wanazunguka ulingo mara moja au mbili. Jaji kasimama katikati, kimya, mikono nyuma. Jirani yangu anasema hapo nusu ya kazi imeshakwisha, maana mbwa aliyeungika vizuri anajionyesha akiwa kwenye mwendo kabla hajaguswa.

Kisha mmoja mmoja. Basenji anawekwa juu ya meza kwa sababu ni mdogo. Mbwa mkubwa anakaguliwa chini alipo. Jaji anakuja kwa mbele, mbwa amwone. Kichwa kwanza: macho ya umbo la lozi, rangi iliyokoza. Masikio wima, na yakisimama lazima paji la uso lijikunje mikunjo myembamba mingi, kama mtu anayesoma barua ya deni. Meno ya juu yapite mbele ya ya chini yakigusana, mfano wa mkasi. Halafu mikono inashuka shingoni, mabegani, kifuani, mgongoni, mapajani. Mkia lazima ujikunje na kulala juu ya mgongo. Kimo, dume sentimita 43, jike 40. Uzito kilo 11 na kilo 9 na nusu. Rangi, huyu wa jirani ni kahawia na nyeupe.

Mikono inatafuta kile ambacho manyoya yanaficha. Kwa basenji manyoya ni mafupi, huna pa kujificha. Lakini kwa pudo (poodle), mbwa wa manyoya mengi, mtu mwenye mkasi hodari anaweza kumjengea mbwa mabega ambayo Mungu hakumpa. Jaji mjuzi anatumbukiza vidole mpaka kwenye mfupa.

Kisha mwendo. Kwenda moja kwa moja na kurudi: akienda unaona miguu ya nyuma, akirudi unaona ya mbele, kama inapishana au inatupwa nje. Halafu pembe tatu, uone ubavu. Basenji anatakiwa hatua ndefu, nyepesi, isiyochoka, mfano wa farasi wa mbio.

Mwisho anasimama mbele ya jaji, anatulia. Hapa ndipo maini yanapoingia. Mshikaji ana kipande mfukoni (wengine wanakitia mdomoni mwao wenyewe, nimeona kwa macho haya), anamwonyesha mbwa ili achangamke. Basenji ana jeuri ya paka, akishashiba maini hayamwambii kitu. Jirani yangu anatembea na karatasi ya pipi. Anaifinya, krrr, masikio juu, mikunjo hiyo, jaji anaitikia kwa kichwa.

Muda wote huo kwa mbwa mmoja, dakika mbili na kidogo. Umeamka saa kumi alfajiri, umeendesha gari kwa muda wa saa nne, umelipa kiingilio, dakika mbili.

#8 Fundi Saa

Na ubingwa unapatikanaje? Akishinda siku moja tu basi?

#9 Mzaramo Ughaibuni

Hapana. Kwenye maonyesho makubwa dume bora wa aina anapewa cheti, Challenge Certificate, na jike bora chake. Vikifika vitatu, kutoka kwa majaji watatu tofauti, angalau kimoja awe amekipata akiwa ameshavuka mwaka mmoja wa umri, ndipo anaitwa bingwa. Jaji ana haki ya kukinyima. Akiona hakuna anayestahili anagawa nafasi ya kwanza mpaka ya mwisho na cheti anakirudisha kwangu mezani. Nimeliona hilo mara moja. Ulingo mzima ulinuna, mama mmoja alikunja kiti chake kwa kishindo tukafikiri kuna kitu kimelipuka.

Ngoja niwape na aibu yangu. Siku zangu za mwanzo alikuja mama mgeni kutoka Marekani. Jaji akamweka wa pili, nikamkabidhi kadi yake ya bluu, akaruka, akamkumbatia mbwa, akanikumbatia na mimi. Nikadhani ndiyo ukarimu wao. Kumbe Marekani bluu ni ya mshindi wa kwanza, hapa ya kwanza ni nyekundu. Kumweleza ilibidi aitwe karani mkuu.

#10 Dada wa Minnesota

Hahaha, pole yake. Huku kweli bluu ndiyo ya kwanza. Na ubingwa wetu ni wa pointi, nimeujua kwa sababu mwajiri wangu ana corgi na Jumamosi zake zote zinaishia huko. AKC wanataka pointi 15. Onyesho moja haliwezi kukupa zaidi ya 5, na idadi inategemea umewashinda mbwa wangapi wa aina yako na jinsia yako. Ndani ya hizo 15 lazima uwe na ushindi mkubwa mara mbili, ule wa pointi 3 na kuendelea, chini ya majaji tofauti, na jaji wa tatu naye awe amekupa walau pointi moja. Wameweka hivyo ili usimpate jaji mmoja rafiki ukambeba mbwa wako mpaka juu.

Westminster ya New York ndiyo kubwa kwa jina. Ilianza 1877. Mwajiri wangu akiitaja anashusha sauti kama anataja Makka.

#11 Mrundi wa Liège

Nami niongeze ya huku bara la Ulaya, kwa sababu Uingereza na Marekani ni dunia yao. Nchi nyingi zilizobaki ziko chini ya FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, ambalo makao yake yako Thuin, mji mdogo hapa Ubelgiji. Iliundwa 1911 na nchi tano: Ujerumani, Austria, Ubelgiji, Ufaransa na Uholanzi. Makundi yao ni kumi. Waingereza na AKC si wanachama, wana mapatano tu ya kutambuana.

Tofauti ninayoipenda: huku jaji anasema anachokiona, karani anaandika, na wewe unaondoka na karatasi yako. Kila mbwa anapewa daraja kabla ya nafasi: bora sana, vizuri sana, vizuri, wastani, au anatolewa. Kwa hiyo unaweza kuwa wa kwanza kwa sababu ulikuwa peke yako, lakini karatasi inasema "vizuri" tu, na kila mtu anaelewa maana yake. Kuwa bingwa wa kimataifa kwa aina nyingi unahitaji vyeti vinne viitwavyo CACIB, kutoka nchi tatu, majaji watatu, na kati ya cha kwanza na cha mwisho upite mwaka mmoja na siku moja. Kwa nini muda wote huo? Wanataka kuona kama mbwa akikomaa bado anasimama.

#12 Papa_Lubum

Bandugu, mi niko ku Lubumbashi. Mzaramo, ile jina "basenji" unaiandika bure bure sawa hakuna kitu. Unajua maana yake?

#13 Mzaramo Ughaibuni

Nilikuwa nakusubiri wewe, ndugu yangu. Tuambie.

#14 Papa_Lubum

Huku musenji, basenji, ni ile ile neno yenu: mshenzi, washenzi. Wakati wa Babelgiji ilikuwa jina ya mutu wa kijijini, mwenye hajasoma, mwenye hakuvaa kiatu. Bazungu bakafika kijijini bakaona imbwa mwenye habweki, banauliza ni ya nani, banajibiwa ni ya basenji. Bakabeba imbwa, bakabeba na tusi. Leo iko Birmingham juu ya zulia, banaipigia makofi.

Imbwa yenyewe bababu walikuwa banaivalisha kengele ya muti shingoni kwa kuwinda, sababu haitoi sauti. Haikuwa imbwa ya mapambo.

#15 Bint Mvita

Subhanallah. Yaani mbwa aitwa mshenzi na ana hati ya uzao kunishinda mimi.

#16 Mzaramo Ughaibuni

Papa_Lubum amesema kweli tupu. Nyongeza ndogo. Wawili wa kwanza waliletwa Uingereza na kuonyeshwa Crufts mwaka 1895 kama mbwa wa porini wa Afrika, wakafa kwa ugonjwa wa distempa muda mfupi baadaye. Waliofanikiwa kuota mizizi waliletwa na Bi Olivia Burn mwaka 1936, wakaonyeshwa Crufts 1937, watu wakasongamana kuona mbwa asiyebweka. Habweki ila si bubu. Ana sauti yake kama mtu anayeimba huku anapiga miayo.

Na waraka wa basenji unaandika asili yake ni Afrika ya Kati, ulezi wa waraka uko Uingereza. Maana yake nini? Sentimita 43, mikunjo ya paji, mkia ulale wapi, yote yaliamuliwa huku na watu waliokuwa na mbwa wachache mkononi. Jirani yangu nilipomwuliza kama kuna Mkongo aliyeulizwa, alinyamaza, akanipa chai.

Ila kisa hakikuishia hapo. Kwa kuwa wote walitoka kwa wazazi wachache, magonjwa ya damu moja yakajitokeza, mojawapo la figo liitwalo Fanconi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wafugaji wa Marekani wakafunga safari mpaka Zaire, vijijini, kutafuta damu mpya. AKC wakafungua daftari lao la uzao mwaka 1990 kuwaingiza mbwa wale, na ndani yao walikuwemo wenye michirizi ya chui chui ambayo leo ni rangi halali ulingoni. Klabu iliyokuwa imefunga mlango ikabidi irudi kwa wale wale "basenji" kuomba.

#17 Msalala Muscat

Huku Ghuba nako kuna jambo kama hilo. Bint Mvita atashangaa. Kwenye maonyesho ya uwindaji na farasi ya Abu Dhabi, ADIHEX, kuna shindano la uzuri la saluki, mbwa wa kusaka wa Waarabu. Wenye manyoya laini mbali, wenye manyoya marefu masikioni na mkiani mbali, madume na majike mbali. Mzee wa Kibedui nilikuwa namfanyia udereva, mbwa wa mtaani hamkaribii hata kwa fimbo, lakini saluki analala hemani. Ukimuuliza anakwambia huyu si kalb, huyu ni hurr, muungwana.

#18 Dkt Mifugo

Nimesoma kimya toka juzi. Mimi ni daktari wa mifugo, Morogoro. Mzaramo unaandika vizuri lakini unawapaka mafuta hao watu. Mbona husemi ya bulldog asiyeweza kuzaa bila kisu, na pekinese asiyepumua? Hao nao walipita mikononi mwa majaji wenye jicho na kumbukumbu.

#19 Mzaramo Ughaibuni

Daktari, umegonga penyewe, na sitawatetea.

Agosti 2008 BBC walionyesha filamu ya uchunguzi kuhusu afya ya mbwa wenye hati. Ilikuwa bomu. BBC wenyewe wakaacha kutangaza Crufts, baada ya kuitangaza kwa miongo kadhaa. Mwaka 2009 Kennel Club ikarekebisha nyaraka za sifa za aina nyingi. Na 2012 ikaweka daktari mlangoni: aina 15 zilizotiliwa shaka zaidi, mbwa akishinda aina yake lazima apimwe kabla hajaenda kushindania kundi. Mwaka ule ule wa kwanza sita walikataliwa Crufts, bulldog, pekinese, basset, clumber spaniel, mastiff na mastiff wa Napoli. Walikuwa na kadi zao za ushindi mkononi wakaambiwa rudini nyumbani. Kelele zake hazijaisha mpaka leo, ukilitaja jambo hilo kwenye kantini ya maonyesho watu wanahama meza.

Mimi nina maoni yangu baada ya kusimama pale miaka. Ubaya hauanzii kwa jaji mla rushwa. Unaanzia kwenye kivumishi. Waraka ukiandika sentimita 43, kuna mahali pa kusimama. Ukiandika pua "fupi", haina breki. Mwaka huu anashinda mwenye pua fupi, anapandishwa kwa majike thelathini, watoto wake wanakuja ulingoni na pua fupi zaidi, na sasa yule wa zamani anaonekana ana pua ndefu. Jaji hakuvunja sheria hata moja. Kila mmoja alimchagua aliyekaribia karatasi, na karatasi ilikuwa inakimbia mbele yao.

Nimemwona jaji mmoja mzee akimweka wa mwisho mbwa ambaye wote tulijua atashinda. Tulipokuwa tunakunja meza akaniambia yule alikuwa anakoroma akiwa macho. Basi.

#20 Dkt Mifugo

Hapo nimekuelewa. Tatizo la mfugaji yeyote anayechagua kwa macho. Kuku wa mapambo nao ni hivyo.

#21 Otish_254

Niko Nairobi. Hapa kuna East Africa Kennel Club na maonyesho huwa yanafanyika, judges wengine wanatoka nje. Mimi ni mtu wa German Shepherd, na kwa German Shepherd hizi stori za mgongo tunazijua sana. Ile ya Crufts 2016, jike alishinda aina yake, mgongo umeteremka mpaka ukashindwa kujua kama anatembea ama anachuchumaa, na watu wakaona kwa TV.

Wajerumani wenyewe waliiweka tofauti kitambo. Von Stephanitz, baba wa German Shepherd, alianzisha klabu ya aina hii 1899 na hoja yake ilikuwa mbwa wa kazi kwanza. Mpaka leo kwa maonyesho yao mbwa mzima bila mtihani wa kazi hapati daraja la maana. Anakimbizwa mizunguko mingi, si dakika mbili zenu. Anapigiwa risasi ya baridi kuona kama anashtuka.

Lakini swali langu ni lile kila mtu anaogopa: rushwa je? Wewe uko hapo, judge anaangalia mbwa ama anaangalia mwenye ameshika kamba?

#22 Mzaramo Ughaibuni

Otish, bahasha sijaiona. Nilichokiona ni uso. Namba inaficha jina, haifichi sura. Mshikaji wa kulipwa ambaye ameshinda kila wiki, jaji anamjua, na wiki mbili zijazo huyo mshikaji ndiye atakayekuwa jaji na jaji ndiye atakayekuwa mshikaji. Dunia yao ni ndogo kama kijiji. Hakuna anayesema lolote, lakini mwenye mbwa mpya anajua akiingia ulingo fulani amekwenda kufanya mazoezi.

Si jambo la leo. Onyesho la kwanza la kisasa, Newcastle, tarehe 28 na 29 Juni 1859, lilikuwa na mbwa 60, pointer na setter tu (aina mbili za mbwa wa bunduki), zawadi bunduki. Aliyeshinda upande wa pointer alikuwa mmoja wa majaji wa setter. Aliyeshinda upande wa setter alikuwa mmoja wa majaji wa pointer. Yawezekana walikuwa na mbwa bora kweli. Kennel Club ilipoundwa 1873 sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuweka sheria na daftari moja ili watu wajue mbwa gani ni mbwa gani.

Kinachonipa moyo ni wale wanaotazama. Pembeni ya ulingo wamekaa watu waliofuga aina hiyo miaka arobaini. Jaji akikosea hawapigi kelele, wanashusha tu katalogi mapajani na kuanza kuzungumza juu ya hali ya hewa. Na hapa jaji anatakiwa aandike maelezo ya washindi wake yachapishwe, kwa nini huyu, kwa nini si yule. Maelezo yakiwa mepesi, mwakani walioandikisha mbwa chini yake wanapungua. Jirani yangu ana daftari la majaji asiowalipia kiingilio tena. Ni nene kuliko daftari langu la madeni.

#23 kidampa

Wakuu samahani kurudisha nyuma. Nimesoma ile ya basenji, masikio wima, paji la mikunjo, mkia juu ya mgongo, kahawia na nyeupe. Mnanisikia? KAHAWIA NA NYEUPE. Mzaramo, huyo mbwa ni Simba wangu. Anapimwaje kimo?

#24 Mzaramo Ughaibuni

Msimamishe mahali pa sakafu, kichwa juu, miguu ya mbele imenyooka. Usipime kichwani. Pima kutoka chini mpaka pale juu ya mabega, shingo inapoungana na mgongo. Weka rula juu yake ilale sawa, kisha futi ya fundi nguo pembeni.

#25 Papa_Lubum

Na uangalie kama anabweka.

#26 kidampa

Nimerudi. Nimesaidiwa na dogo wa jirani na rula ya shule. Sentimita 47. Mikunjo ipo akiona nyama tu. Sikio la kushoto limesimama, la kulia limelala, tulifinya karatasi ya pipi kama mlivyoelekeza, akaila karatasi.

Kubweka anabweka. Usiku kucha.

#27 Mzaramo Ughaibuni

Sentimita nne za ziada, sikio moja, na kelele. Jaji wa Birmingham angekushukuru kwa kuja, akakuonyesha njia ya kutokea. Meno je?

#28 kidampa

Meno hayajakaguliwa. Dogo ameshakimbia na rula yake.

#29 Bint Mvita

Na huyo dogo mwambieni aoshe mikono.